Janga linakupa muda gani? Tetemeko, tsunami, mafuriko na mengine, tuyaelewe kabla hayajafika

Kila tetemeko likitokea mahali, hata kama ni nchi ya mbali, haipiti siku simu zinaanza kujaa. Kuna ile meseji ya "leo usiku saa nane msilale ndani, wataalamu wamethibitisha", kuna voisi noti ya mtu anahema anasema kaambiwa na shemeji yake anayefanya kazi huko juu, halafu kuna klipu ya mawimbi ya miaka kumi iliyopita imebandikwa tarehe ya leo. Watu wanalala nje na watoto, asubuhi hakuna kitu, na wiki inayofuata mamlaka ya hali ya hewa ikitoa tahadhari ya kweli ya mvua kubwa, wale wale waliolala nje ndio wanasema "aah, hawa nao wamezidi". Tumechanganya mambo mawili: lile ambalo hakuna binadamu anaweza kulitabiri, na lile ambalo setilaiti inaliona likija siku tatu kabla.

Tuanze na maneno maana yakikaa sawa mengine yanakuwa rahisi. Tetemeko, kimbunga, mvua kubwa, volkano kulipuka, hayo ni matukio ya asili, yalikuwepo kabla yetu na yataendelea kuwepo. Yanageuka janga pale yanapomkuta mtu yuko mahali pabaya, yuko ndani ya nyumba dhaifu, au hajui afanye nini. Angalia mwaka 2010. Tarehe 12 Januari Haiti ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 7.0, wakafa zaidi ya watu laki moja, hesabu kamili inabishaniwa mpaka leo. Tarehe 27 mwezi uliofuata Chile ikapigwa na la 8.8, ambalo kwa nguvu iliyotoka ardhini ni kama mara 500 ya lile la Haiti, na waliokufa ni mia tano na kitu wakiwemo waliochukuliwa na tsunami. Ni kweli kitovu cha lile la Haiti, yaani mahali juu ya pale lilipoanzia, kilikuwa karibu sana na mji mkuu, hilo tulikubali. Lakini Chile walishapigwa mno huko nyuma, mwaka 1960 walipata la 9.5 ambalo ndilo kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa duniani, wakatunga sheria za ujenzi na wakazisimamia, kwa hiyo majengo mengi yaliyumba lakini yakabaki yamesimama.

Ndio maana mimi nikisikia habari ya janga lolote swali langu la kwanza sio lina ukubwa gani, ni linakupa muda gani. Kuna linalokupa sekunde, kuna linalokupa dakika, kuna la masaa na la siku kadhaa. Kila unachotakiwa kufanya kinatokana na huo muda, na ukiukosea utafanya kitu kizuri kabisa ila cha janga lingine, mfano mtu anatoka mbio kwenye tetemeko kana kwamba nyumba inaungua, au yuko ufukweni anasubiri redio itangaze wakati bahari yenyewe imeshatangaza.

Basi tuanze na la sekunde, tetemeko. Ganda la dunia limegawanyika mabamba makubwa ya miamba yanayosogea sentimita chache tu kwa mwaka. Yanasukumana, yanakwamana, msukumo unajilimbikiza miaka na miaka halafu siku moja mwamba unaachia. Hakuna kifaa kinachoweza kusema utaachia lini. Wapo watakaokutajia mji wa Haicheng kule China mwaka 1975 kwamba watu walihamishwa kabla, na ni kweli, kulikuwa na mitetemo mingi midogo iliyotangulia ikawashtua wakuu. Ila mwaka uliofuata tu, Julai 1976, mji wa Tangshan nchi hiyo hiyo haukupata dalili za wazi namna ile na zaidi ya watu laki mbili walikufa. Mitetemo midogo mara nyingi inapita bila kikubwa kufuata, na mikubwa mingi inakuja bila kutanguliwa na chochote. Wanasayansi wanachoweza kusema ni kwamba eneo fulani lina uwezekano wa kiasi fulani ndani ya miaka 30 ijayo, basi. Meseji ikikupa siku, saa na mji, ni uongo, wala usihangaike kuuliza nani kaituma.

Na joto? Watu wanasema kukiwa na joto la kubana bila upepo ujue tetemeko linakuja. Hapana, tetemeko linaanzia kilomita nyingi chini ya ardhi, joto la mchana halifiki huko. Mbwa kubweka nako, inawezekana kabisa mnyama ahisi ule mtikisiko mdogo wa kwanza sekunde chache kabla yako, tatizo mbwa anabweka kwa sababu mia moja kila siku na tisini na tisa sio tetemeko.

"Lakini mbona Japan na Mexico simu zinalia kabla?" Hii inachanganya wengi. Zile simu hazitabiri, tetemeko linakuwa limeshaanza. Mwamba ukiachia unatoa mawimbi ya aina mbili, ya kwanza yanakwenda kama kilomita 6 kwa sekunde na kwa kawaida hayaharibu sana, ya pili yanakwenda kwa nusu ya mwendo huo au zaidi kidogo na ndiyo yanayobomoa. Mitambo iliyo karibu na kitovu inayanasa ya kwanza na kutuma onyo mbele ya yale ya pili. Ukiwa mbali unapata sekunde kadhaa, pengine dakika nzima, ukiwa karibu hupati kitu. Tarehe 19 Septemba 2017 wakazi wa Mexico City walikuwa wamefanya zoezi la kukumbuka tetemeko la tarehe hiyo hiyo mwaka 1985, masaa kama mawili baadaye likaja la kweli la 7.1, na kwa sababu kitovu hakikuwa mbali king'ora kililia karibu sawa na mtikisiko wenyewe.

Kwa hiyo kwenye sekunde hizo huna muda wa kwenda popote. Inama chini, ingia chini ya meza imara, shika mguu wa meza, kaa hapo mpaka kutulie. Meza hakuna? Jikunje chini pembeni ya ukuta wa ndani, mbali na madirisha na makabati, mikono ikinge kichwa na shingo. Uko kitandani baki hapo hapo na mto uweke kichwani, kuamka gizani na kukanyaga vioo ndiko kunakoumiza. Uko nje kaa mbali na majengo na nguzo za umeme, uko kwenye gari simama pembeni lakini sio chini ya daraja. Lifti usiiguse. Ile habari ya kusimama kwenye fremu ya mlango iache, kwenye nyumba za sasa fremu haina nguvu yoyote ya ziada na mlango wenyewe unaweza kukupiga, na ile meseji maarufu ya kulala pembeni ya kitu kizito eti kutabaki nafasi ya pembetatu, mashirika ya uokoaji yameshaikataa mara nyingi, maana vitu vizito vinateleza na hujui kitaelekea wapi.

Kuna hali moja wanaoandika maelekezo kutoka nchi zenye majengo imara huwa wanaisahau na mimi naona ni muhimu. Kama uko kwenye nyumba ya matofali ya udongo yenye paa zito, uko chini, mlango uko hatua chache na nje ni uwazi usio na kuta wala nyaya, hapo kutoka haraka kunaweza kuwa bora kuliko kujikunja ndani, kwa sababu nyumba ya namna hiyo ikishuka haiachi nafasi. Ghorofani usifanye hivyo. Ni jambo la kuamua leo ukiwa umetulia, angalia nyumba unayolala imejengwa na nini.

Halafu kuna namba. Mtu anasoma tetemeko la 6 na la 7 anadhani tofauti ni ndogo. Kila namba ikipanda moja nguvu inazidi kama mara 32, kwa hiyo kutoka 5 hadi 7 ni kama mara elfu moja. Na hiyo namba inaeleza tetemeko lenyewe, haielezi ulichokihisi wewe. Ni sawa na spika: sauti imefunguliwa namba moja tu, lakini aliyekaa mbele yake kifua kinadunda na aliye mtaa wa tatu anasikia kwa mbali. Ndio maana la 5.9 lisilo la kina kirefu chini ya mji linaweza kuua na la 7 lililo chini sana baharini likapita watu wamelala.

Likiisha halijaisha. Tarehe 6 Februari 2023 kusini mwa Uturuki na kaskazini mwa Syria lilipiga la 7.8 alfajiri, na masaa tisa baadaye likapiga lingine la 7.5, nyumba zilizokuwa zimepasuka asubuhi zikaanguka mchana. Waliokufa ni zaidi ya 50,000. Ukishatoka kwenye nyumba yenye nyufa usirudi kufuata pochi. Na ukinasa kwenye kifusi okoa pumzi na sauti, funika mdomo na nguo kwa ajili ya vumbi, gonga bomba au ukuta kwa mpangilio, waokoaji huwa wananyamaza kabisa ili wasikilize. Kelele iwe ya mwisho, ukisikia watu wako karibu.

Sasa la dakika, na hapa kuna tsunami. Sio wimbi kubwa la upepo. Sakafu ya bahari ikipanda ghafla kwa tetemeko inainua maji yote yaliyo juu yake, na hayo maji yanasambaa kwa mwendo wa kilomita 700 hadi 800 kwa saa kwenye kina kirefu, huko katikati hata meli haishtuki maana yameinuka chini ya mita moja. Yakifika kina kifupi mwendo unapungua, maji ya nyuma yanayafikia ya mbele, kimo kinapanda. Linalokuja ufukweni mara nyingi ni bahari iliyopanda na inaendelea kuingia dakika baada ya dakika, imebeba magari na miti. Huwezi kuogelea humo, sahau.

Tarehe 26 Desemba 2004 tetemeko la 9.1 karibu na Sumatra lilitoa tsunami iliyoua watu kama 230,000 kwenye nchi 14. Kisiwa cha Simeulue kiko karibu kabisa na kitovu, kina watu zaidi ya elfu sabini, walikufa saba. Bibi na babu zao walipigwa na tsunami mwaka 1907 na simulizi ilibaki: ardhi ikitikisika sana bahari ikarudi nyuma, kimbia mlimani, usiulize. Upande wa pili ufukweni Phuket kulikuwa na binti wa miaka 10 kutoka Uingereza aliyefundishwa tsunami darasani wiki mbili kabla, akaona maji yanatoka povu na kwenda nyuma akawalazimisha wazazi wake, ufukwe mzima ukaondoka. Hao wote hakuna mtambo uliowaambia. Sehemu nyingine watu walipoona bahari imerudi waliingia kuokota samaki.

Kwa hiyo dalili ni hizi: uko pwani, ardhi imetikisika kwa nguvu au imetikisika taratibu lakini kwa muda mrefu, sekunde 20 na kuendelea, usisubiri chochote. Bahari imerudi nyuma isivyo kawaida, au imepanda haraka isivyo kawaida, au unasikia mngurumo kutoka upande wa maji, ondoka. Na usidhani lazima irudi nyuma kwanza, wakati mwingine kinachotangulia ni kupanda. Nenda kwa miguu, magari yatakwama kwenye foleni, tafuta kimo cha mita 30 au umbali wa kilomita 3 kutoka pwani, ikishindikana basi ghorofa ya tatu au juu zaidi ya jengo imara la zege. Wimbi la kwanza mara nyingi sio kubwa kuliko yote, yanaweza kupishana kwa dakika 10 hadi saa nzima, na watu wengi hufa kwa kurudi kuangalia. Palu, Indonesia, Septemba 2018, maji yalifika ndani ya dakika chache tu baada ya mtikisiko. Lakini ile ya 2004 ilichukua masaa kama saba kufika Afrika Mashariki: Kenya walipata habari wakaondoa watu fukweni, akafa mmoja, Somalia habari haikufika kwa watu wakafa karibu mia tatu. Tsunami moja hiyo hiyo.

Twende kwenye la masaa, mafuriko. Haya ndiyo yanayowagusa watu wengi zaidi kuliko mengine yote na cha ajabu ndiyo tunayoyadharau zaidi, labda kwa sababu maji tunayajua. Maji ya kifundo cha mguu yanayokimbia, sentimita 15 tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinatosha kuliinua gari dogo na 60 zinachukua gari nyingi hata zile za juu juu zenye majigambo. Sababu ni kwamba gari limejaa hewa, linaelea, tairi zikishaacha kushika barabara usukani ni pambo. Na mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani nzima, hebu fikiria inakuja mita za ujazo mia kwa sekunde. Kingine, barabara iliyo chini ya maji huioni, pengine imeshamegwa na wewe unaendesha kuelekea shimoni. Dereva wa mbele kupita sio ushahidi kwamba na wewe utapita, kwenye zile dakika mbili maji yameongezeka.

Mafuriko ya ghafla hayahitaji mvua hapo ulipo. Mvua inanyesha milimani mbali huko, wewe uko kwenye korongo kavu jua linawaka. Ukiona maji ya mto yamebadilika rangi yakawa tope ghafla, yanaleta majani na magogo, yanapanda kwa macho, au unasikia kishindo kutoka juu, panda ukingoni hapo hapo, usikimbie kufuata mto kwenda chini maana utashindana mbio na maji na utashindwa. Likiwa bwawa limepasuka ndio usiseme. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Septemba 2023 mji wa Derna, Libya, mvua za dhoruba Daniel zilivunja mabwawa mawili na mtaa mzima wa katikati ukasombwa kwenda baharini, maelfu ya watu walikufa wakiwa majumbani.

Kuna msemo wa wataalamu unaowapoteza watu, "mafuriko ya miaka mia". Mtu anasikia hivyo anasema haya basi, yametokea mwaka huu, mimi na wanangu tumemaliza. Sivyo. Maana yake ni mafuriko ambayo kila mwaka yana nafasi 1 kati ya 100 kutokea, na mwaka ujao hesabu inaanza upya bila kukumbuka mwaka jana. Ukiishi sehemu hiyo miaka 30, nafasi ya kuyaona angalau mara moja ni kama asilimia 26. Na hayo makadirio yamepigwa kwa kumbukumbu za mvua za zamani, hali ya hewa inabadilika, hewa yenye joto inabeba mvuke mwingi zaidi, na juu yake tumeongeza sakafu za zege na mitaro iliyoziba taka, kwa hiyo namba ya zamani isikupe usingizi.

Maji yakianza kuingia ndani zima umeme kwenye swichi kuu kama unaifikia ukiwa umesimama pakavu, kama umeshasimama ndani ya maji usiiguse. Panda juu, lakini sio kwenye dari lililofungwa lisilo na tundu la kutokea, watu wamenasa humo.

Maporomoko ya udongo ni ndugu wa mafuriko, yanatoa dalili ila ni ndogo na watu hawazijui. Mlango uliokuwa unafunga vizuri umeanza kugoma, ufa mpya ardhini au ukutani unapanuka, nguzo na miti imeinama, chemchemi mpya imetokea au maji ya kijito yamegeuka tope, au mbaya zaidi mto umepungua ghafla huku mvua inanyesha, hiyo maana yake huko juu umezibwa na kitu na kitaachia. Ondoka kwenda pembeni, toka kwenye njia yake, sio mbele yake. Agosti 2017 Freetown, Sierra Leone, baada ya siku za mvua kubwa kilima kiliporomoka alfajiri, zaidi ya watu elfu moja walikufa au kupotea. Kilima kilichokatwa miti na kuchimbwa chini kikishiba maji mvua ya siku tatu inatosha, wala haihitaji kuwa mvua ya historia.

Tukija kwenye yanayotoa siku, kimbunga ndicho kinachotuachia muda mzuri kuliko vyote. Kinazaliwa juu ya bahari yenye joto la nyuzi 26 au 27 na kuendelea, setilaiti inakiona kinavyozunguka, njia yake inakadiriwa siku kadhaa kabla. Kuitwa hariken, taifuni au kimbunga ni suala la bahari gani kiko, mnyama ni mmoja. Kinachowachanganya watu ni yale madaraja ya 1 hadi 5, kwamba kikishuka daraja basi hatari imepita. Daraja linapima upepo peke yake, halipimi mvua wala bahari. Kimbunga Freddy mwaka 2023 kiliishi zaidi ya wiki tano, kilipofika Malawi mwezi Machi upepo ulishachoka lakini kilimwaga mvua ya miezi ndani ya siku chache, udongo ukashuka, na waliokufa ukijumlisha waliopotea ni zaidi ya elfu moja. Na kimbunga Haiyan, Novemba 2013, huko Tacloban Ufilipino watu walijiandaa kwa upepo, wakafunga madirisha wakajazana kwenye majengo imara, kilichowaua wengi ni bahari iliyosukumwa nchi kavu kwa kimo cha mita tano na zaidi, ikaingia mpaka kwenye baadhi ya majengo ya kukimbilia. Walikufa zaidi ya 6,000. Kwa hiyo ukiambiwa hama pwani, unahama kwa sababu ya maji, nyumba ya zege haikuokoi kwa hilo.

Jingine ni lile jicho, yaani sehemu tulivu ya katikati ya kimbunga. Upepo unakata ghafla, mbingu inafunguka, watu wanatoka kuangalia mabati. Upande wa pili wa kimbunga bado haujapita na utakuja na upepo wa mwelekeo wa kinyume, wakati mwingine ndani ya nusu saa.

Anayesema tahadhari hazisaidii mpe historia ya Bangladesh. Mwaka 1970 kimbunga kiliua watu wasiopungua laki tatu. 1991 wakafa kama 138,000. Katikati ya hapo na baadaye wakajenga majengo ya kujihifadhi, wakaandaa maelfu ya watu wa kujitolea wanaopita na spika za mkono kijiji kwa kijiji, na mwaka 2007 kimbunga Sidr, kikali kweli kweli, kiliua kama 3,400. Bado ni wengi, lakini sio laki tatu. Na ndiyo hapo naudhika na wanaosema "mara ya mwisho walituhamisha na hakikuja". Kimbunga kikipinda kilomita mia moja baharini utabiri haukuwa uongo, ulikuwa unataja uwezekano, na kuhama bure mara mbili ni usumbufu wa siku mbili.

Volkano nayo mara nyingi inatangaza mapema, mitetemo midogo mingi, gesi kuongezeka, ardhi kuvimba. Pinatubo, Ufilipino, mwaka 1991 wataalamu walizisoma dalili na makumi ya maelfu ya watu wakahamishwa kabla ya mlipuko wa tarehe 15 Juni. Nevado del Ruiz, Colombia, Novemba 1985, ramani ya hatari ilikuwepo tayari, lakini mji wa Armero haukuhamishwa, tope lililotokana na barafu ya mlimani kuyeyuka likawafuata usiku na zaidi ya 20,000 wakafa. Wengi tunaogopa uji wa moto (lava) tu, kumbe huo mara nyingi unakwenda taratibu kiasi cha mtu kuuacha kwa miguu, ingawa wa volkano ya Nyiragongo, karibu na Goma huko Kongo, ni mwepesi na umeshawahi kuwafikia watu. Wauaji wakubwa ni wingu la gesi na majivu ya moto linaloshuka mlima kwa mwendo wa gari la mashindano na hilo hulikimbii, yale matope yanayofuata mabonde, na majivu yanayolemea paa. Pinatubo majivu yalilowana na mvua za kimbunga kilichopita siku ile ile, paa zikawashukia watu ndani. Eneo la volkano pia lina gesi ya kaboni dioksidi inayotulia mabondeni kwa sababu ni nzito kuliko hewa, wenyeji wa upande wa Goma wanaiita mazuku, mtu au mbuzi anaingia shimoni na hatoki. Ziwa Nyos, Cameroon, usiku mmoja wa Agosti 1986 lilitoa gesi hiyo ikaua kama watu 1,700. Ukiona wanyama wadogo wamekufa kwenye bonde bila jeraha, usishuke kuangalia.

Radi niipitie haraka. Ukiona mwanga hesabu sekunde mpaka ngurumo, gawa kwa tatu, hizo ni kilomita. Ikiwa chini ya sekunde 30 ingia ndani ya jengo au gari lenye bodi ya bati, na usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Gari linakinga kwa sababu umeme unapita kwenye bati la nje, sio kwa sababu ya tairi za mpira. Mti ulio peke yake ni mahali pabaya kuliko pote. Kufunika kioo na kuvua nguo nyekundu hakusaidii kitu, simu ya mkononi haiiti radi ila ikiwa kwenye chaja ukutani iache, na aliyepigwa na radi hana umeme mwilini, mguse, kama hapumui anza kumbonyeza kifua mara moja maana wengi wa namna hiyo wanaokolewa na dakika za kwanza.

Kuhusu maandalizi, mfuko mmoja unatosha: maji lita tatu hadi nne kwa kila mtu kwa siku, dawa anazotumia mtu kila siku, nakala za vyeti kwenye nailoni, tochi, redio ya betri, filimbi, pawabanki. Namba za simu za watu wawili watatu ziandikwe kwenye karatasi maana simu ikizima kichwani hatuna namba ya mtu. Mkubaliane mahali pa kukutana, na mtandao ukielemewa tuma meseji usipige, meseji inapenya pale simu inapokataa.

Na kurudi nyumbani kuna hatari zake ambazo hazipigwi picha. Maji ya mafuriko yamechanganyika na vyoo, kwa hiyo ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote dakika moja kamili, sehemu za miinuko mirefu dakika tatu, chakula kilichoguswa na yale maji kitupwe hata kama kinaonekana kizima. Waya uliolala chini uhesabu una umeme. Nyoka nao walikimbia maji wakapanda kwenye makabati na vitanda, tumia fimbo kabla ya mkono. Ukisikia harufu ya gesi usiwashe taa wala kiberiti, fungua madirisha utoke. Halafu jenereta na jiko la mkaa, baada ya vimbunga vikubwa huwa zinakufa familia ambazo upepo haukuzigusa, umeme umekatika, nje mvua, wakawasha ndani wakafunga milango. Hewa ya sumu inayotoka humo haina harufu wala rangi na inakulaza usingizi kwanza. Jenereta ikae nje kabisa, mita kadhaa kutoka dirisha lolote, sio kibarazani wala kwenye gereji iliyoachwa wazi.